Gari la kulala la Mwalimu: milioni 28, haisi moja na kona iliyolowa

Mwalimu alistaafu Machi, na ilipofika Juni mtaa mzima pale Buswelu ulishajua kwamba kiinua mgongo kimeingia. Mmoja alimletea habari za kiwanja Kisesa, mwingine pikipiki tatu za mkataba, mwingine shamba la mpunga Magu. Mimi alinipigia saa nne usiku, kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha jambo.

"Mwanangu, umelala? Nataka gari la kulala."

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kwa niaba ya wanunuzi. Nimekagua haisi, Noah, Fuso, hata trekta. Gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, la mtu kununua kwa fedha zake hapa Mwanza, sikuwahi. Kesho yake nikaenda kwake kumkatisha tamaa, na nikarudi nimekubali, kwa sababu ya mkewe.

Mama ana kisukari. Anachoma insulini, na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda haja ndogo. Watoto wao wametawanyika kulizunguka ziwa: Bukoba, Musoma, Tarime, Geita. Kila safari huwa na usiku mmoja wa gesti, na gesti zile anazijua: choo kiko mwisho wa korido, taa imekufa, na friji la soda pale mapokezi huzimwa mhudumu akienda kulala. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mara moja aliikuta asubuhi imeshinda joto, akaitupa.

Kwa hiyo hawakuwa wanatafuta starehe za watalii. Tukaandika mahitaji manne nyuma ya bahasha: kitanda cha watu wawili kilicho sawa, choo cha kufikika bila kufungua mlango wa nje, friji linalopoza usiku kucha, na injini ambayo fundi wa Katoro anaweza kuifungua bila kupiga simu Dar. Mwalimu akaongeza runinga na turubai la pembeni la kuvutwa. Vyote viwili nikavifuta palepale. Alinuna mpaka chai ikaisha.

Fedha zilikuwa shs milioni 28, na hakukuwa na nyingine. Sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba theluthi moja isiguswe siku ya kununua. Hata gari la kawaida lenye miaka 25 linaomba matengenezo. Hili lina miaka 25 ya gari na miaka 25 ya nyumba, vyote vimekaa juu ya tairi nne. Tukakata: bei ya gari isizidi milioni 18.5, liwe zuri namna gani.

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa kuagiza Japani. Mpwa wake alimwonyesha picha kwenye simu, za haisi ndefu zenye makabati ya mbao na mapazia. Bei ya kule ilimfanya acheke kwa furaha. Nikamwambia asubiri: kodi hapa haihesabiwi kwa bei ya gari peke yake, inahesabiwa pamoja na usafiri wa meli na bima, kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka, kisha VAT ya asilimia 18 inayokaa juu ya vyote hivyo. Halafu kuna gharama za bandari, na zaidi ya kilomita 1,100 za kulileta Mwanza. Tulipojumlisha, milioni 28 ziliisha kabla gari halijafika Morogoro. Tena picha haina harufu, na harufu, kama nitakavyoeleza, ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu.

Ya pili aliipata mwenyewe kwa dalali. Mgeni mmoja aliyezunguka Afrika amechoka, anataka kupanda ndege arudi kwao, anaacha gari lake kubwa la Ulaya lenye kila kitu kwa milioni 15. Bei ya bure kabisa. Namba za gari zilikuwa za kigeni. Nikaomba karatasi, nikaletewa kitabu cha kupita mipakani, kile kinachomruhusu msafiri kuingiza gari kwa muda bila kulipia ushuru. Gari la namna hiyo limeingia nchini kama mgeni, na likiuzwa hapa ushuru wake wote unaamka. Usukani ulikuwa kushoto, na mlango wa chumba ulikuwa upande wa kulia, kama ilivyo kwa magari ya kule. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo Mama akishuka usiku kando ya barabara ya Musoma atakanyaga lami, mbele ya malori. Hilo la mlango ndilo lililomwingia Mwalimu kuliko la ushuru.

La tatu lilikuwa haisi.

Ilikuwa Nyegezi, kwa mtu aliyeinunua Dar kutoka kwa mtu mwingine. Haisi ya umbo la zamani, lile lililotengenezwa kati ya 1989 na 2004, injini ya dizeli ya 5L, imejengewa nyumba ndani hukohuko Japani: paa limeinuliwa kwa faibaglasi ili mtu asimame wima, kitanda nyuma, sinki, jiko la gesi la mafiga mawili, friji dogo, kabati refu. Mlango wa pembeni uko kushoto. Bei milioni 21. Kwa mtu wa Mwanza 5L si siri. Kila gereji ina mtu aliyeifungua akiwa na usingizi.

Tulifika saa tatu asubuhi. Muuzaji alitupokea vizuri, maji ya chupa na viti kivulini. Kwenye haisi hizi injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo niliinua kiti cha dereva nikaweka kiganja karibu na mfuniko. Ya moto. Alikuwa ameshaliwasha kabla hatujafika. Sikusema kitu, nikasema tu tutarudi kesho saa kumi na mbili na nusu, tafadhali asiliguse. Injini ya dizeli iliyochoka hujisema ikiwa ya baridi: inavuta starta muda mrefu, inatoa moshi mweupe, inatetemeka. Kesho yake iliwaka kwa mara ya pili ya ufunguo, moshi kidogo ukakata. Nikafungua mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma. Hewa ilipumua polepole, haikurusha matone. Maji ya rejeta hayakuwa na mafuta. Tukaipandisha kilima cha Bugando na watu wanne ndani, kipimo cha joto hakikusogea. Kwa upande wa gari niliridhika, ila mkanda wa taiming hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Kwa injini hii mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika unavunja vya juu vyote. Namba ya kwenye dashibodi sikuitumia kwa hesabu yoyote. Siiamini namba hiyo kwenye gari lolote la mtumba, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliiamini.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, yaani meno yake, zinang'aa kwa rangi. Nikainama kusoma namba ya ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3113. Wiki ya 31 ya mwaka 2013. Mpira ule ulikuwa umekaa miaka kumi na mbili. Gari la kulala husimama sana na kutembea kidogo, tairi zake huzeeka kabla ya kuisha, na mnunuzi anayetazama kashata tu hudanganyika.

Wakati nafanya hayo Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria anapiga honi. Alishalinunua moyoni. Mama yeye aliingia nyuma, akafunga mlango, akakaa kimya ndani kama dakika tano. Alipotoka akaniita pembeni.

"Kijana, humu mnanuka stoo ya nguo za msiba."

Niliingia. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kupulizia, ile ya maua, nyingi kupita kiasi. Chini yake kulikuwa na nyingine. Mama alikuwa ameinua godoro kwenye kona ya nyuma kulia, mkono wake tayari umeshika kibanio cha nywele. Akakibonyeza kwenye ubao chini ya dirisha. Kibanio hakikugonga, kiliingia, kama kinaingia kwenye andazi, mpaka nusu. Akakichomoa, ncha ikatoka na unyevu na uchafu wa kahawia. Akakipangusa kwenye kanga yake bila kusema neno.

Hiki ndicho kiini cha kisa chote. Nyumba ya haisi hizi ni faibaglasi juu, bati ubavuni, na mbao nyembamba ndani, na kati yake kuna gundi ya kuziba maungio. Gundi hukauka ikapasuka. Maji hayaji kwa kishindo. Yanapita kwenye ufa mdogo wa unene wa kucha, yanatembea nyuma ya plaiwudi, yanatua kwenye kona ya chini kabisa. Ndani unaona karatasi nzuri ya ukutani, nyuma yake mbao zimekuwa uji. Injini ya 5L ikifa utapata nyingine. Kona iliyooza haina duka la spea. Unaibomoa na kuijenga upya, na hujui itaishia wapi mpaka uifungue.

Ilikuwa Julai, na Mwanza Julai hakuna mvua ya kutusaidia. Kwa hiyo tukaleta mvua wenyewe. Niliomba tulipeleke gari kwenye sehemu ya kuoshea magari, kwa gharama yangu. Muuzaji alisita, akasema limeoshwa jana. Mwalimu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wa gari, akamjibu kwa sauti ya darasani: "Basi litaoshwa na leo." Tukaliweka chini ya bomba, maji yanamwagwa juu ya paa polepole, si ya presha, maana presha hulazimisha maji hata mahali ambapo mvua haifiki. Mama na mimi ndani, tochi mkononi. Dakika ya tano hakuna kitu. Dakika ya nane hakuna kitu. Dakika ya kumi na moja, juu ya mlango wa nyuma ambako faibaglasi inakutana na bati, pakatokea mstari mwembamba unaong'aa, kama njia ya konokono, ukateremka taratibu ukaingia nyuma ya ubao wa ile kona. Nikagonga ukuta kwa vifundo vya vidole kuanzia mbele kuelekea nyuma. Mlio mkavu, mkavu, mkavu, kisha bubu. Eneo bubu lilikuwa kama urefu wa mkono wangu kwa nusu yake. Kona nyingine tatu, dari na sakafu, zote zilikuwa kavu.

Hapa mtu angeweza kuondoka, na asingekosea. Mimi nilishauri tusiondoke, kwa sababu kona iliyoharibika ilikuwa moja na tulishajua maji yanapitia wapi. Ningekuta unyevu sehemu mbili zisizohusiana, ningewavuta wote wawili mikono tukapande daladala.

Muuzaji akaanza wimbo wa mteja wa Geita anayekuja Jumamosi na fedha mkononi. Tukamwambia karibu sana, amuuzie. Mteja wa Geita hakuja, na wiki iliyofuata bei ilishuka hadi milioni 18, kisha, baada ya kuorodheshewa tairi, mkanda, betri ya nyumba iliyosoma volti 9.8 na kona, milioni 16.5. Dalali alilipwa na muuzaji. Hilo nalo tuliliandika.

Karatasi zilitaka kutuangusha. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu wa Dar. Muuzaji wetu alinunua lakini hakuwahi kuhamisha umiliki. Alichokuwa nacho ni nakala ya mkataba na ahadi kwamba "yule mzee hana shida". Watu wengi hulipa hapa, kisha wanaanza kumtafuta mzee. Sisi hatukutoa hata ya utangulizi. Ilichukua wiki tatu mpaka mwenye jina akapatikana na umiliki ukapita TRA, mamlaka ya mapato, kwa hatua zake, kila mmoja na TIN yake, namba ya mlipakodi. Katikati ya wiki hizo nililinganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani na wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zilitoka faini tano za shs 30,000 na deni dogo la maegesho. Muuzaji akalipa. Fedha zilipita benki, mkataba ukasainiwa mbele ya wakili.

Matengenezo nayaeleza kwa hesabu, maana ndiyo watu huniuliza. Tairi tano, pamoja na ya akiba, zilikula 1,100,000. Mkanda wa taiming na vinavyokwenda nao, pampu ya maji humohumo, 480,000. Uhamisho, wakili na bima vilifika 420,000. Kona ilimaliza 1,350,000, na ilifanywa na fundi wa mitumbwi ya faibaglasi, si fundi magari. Hilo ni wazo ninalojivunia. Watu wanaoziba mitumbwi ziwani wanaelewa maji kuliko gereji yoyote mjini. Mzee alikuja akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akachungulia ufa, akacheka. Alibomoa mbao zote bubu, akaacha chuma kikauke siku nne kwenye jua, akaziba ungio kutoka nje, ndipo akajenga ndani. Kijana wa gereji jirani alikuwa amependekeza silikoni ipakwe kwa ndani iishe siku hiyohiyo. Hiyo ingefungia maji ukutani.

Friji ndilo lililonichukua muda. Lile la asili lilikuwa la kupoza kwa moto, linalotumia gesi au umeme na halina kompresa. Mafriji hayo hutaka gari lisimame sawasawa, na ufukwe wa ziwa una mteremko karibu kila mahali. Kwa soda ingevumilika. Kwa insulini hapana. Tukaling'oa, tukaweka la kompresa la volti 12 lenye lita 40, betri ya amp-saa 100 na sola ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa. Huku karibu na ikweta jua hupita juu ya kichwa, haihitaji kuinamishwa. Friji hilo linakula kama amp-saa 30 kwa siku. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo siku moja ya mawingu wanaivuka, ya pili wanawasha injini. Yote ilikuwa 1,930,000. Mama akanunua kipimajoto kidogo, akakifunga kwa mpira kwenye kopo la insulini, kwa sababu friji la kompresa linaweza pia kugandisha, na insulini iliyoganda ni ya kutupa. Choo cha kubebeka 350,000. Gesi tuliitoa kabisa ndani. Mpira wake ulikuwa umepasuka, na gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni pale walipolala. Wanapikia nje kwa mtungi wa kilo 6.

Sasa kosa langu. Kwenye ubavu wa gari kulikuwa na soketi ya kuchomeka umeme wa nje, na ndani chaja ya betri. Nilipomaliza kila kitu nikachomeka kwenye umeme wa nyumbani kwa Mwalimu ili kujaribu. Pakalia *pa*, moshi, harufu ya plastiki, jirani akatoka. Chaja ilikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani, na katikati yake, kwa tarakimu ambazo hata mtoto angesoma, imeandikwa 100V. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Nimekagua magari ya Japani maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuwaza hilo, kwa sababu magari niliyozoea hayachomekwi ukutani. Kubadili nyaya na chaja kulifika 300,000. Mwalimu hakutaka nilipe. Nililipa nusu.

Jumla ya matengenezo ilikuwa 5,930,000, na gari lote likasimama kwa 22,430,000. Zilibaki milioni tano na nusu na chenji. Kama wangelipa milioni 21 aliyotaja muuzaji, wangebaki na milioni moja na chenji tu baada ya matengenezo, na bado hawajajaza dizeli. Jambo moja halijaisha mpaka leo: kadi inasema viti 10, ndani vipo vinne. Taarifa za gari zimeombwa kubadilishwa, na Mwalimu anatembea na barua ya maombi kwenye mfuko wa shati, anawaonyesha trafiki kabla hawajauliza.

Safari ya kwanza walikwenda Bukoba mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza. Walipita Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, Mwalimu akanitumia picha nne za nguzo na hakuna hata moja ya mkewe. Nilikuwa nimewapa masharti matatu ya kulala: watoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au walale kwenye uwanja wa misheni, wasisimame ukingoni kabisa mwa maji kwa sababu ya viboko, na wasijaze madumu kutoka ziwani kwa sababu ya kichocho. Usiku wa kwanza walilala Muleba, kwenye uwanja wa kanisa.

Saa tisa usiku simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Mwalimu nilisikia mvua inapiga faibaglasi kama mtama unaomwagwa kwenye sinia.

"Mwanangu, inanyesha."

"Na kona?"

Kimya, kisha sauti ya Mama. "Kona kavu, nimeweka mkono. Dawa iko tano. Lakini dirisha la jikoni linatoa tone."

"Moja?"

"Moja. Subiri. Na jingine."

Nikamwambia aweke sufuria, wakirudi nitampigia yule mzee wa mitumbwi.